Namba Themanini na Nne

Mheshimiwa Msimamizi wa Jimbo, Mchungaji Wellars, uliyefika kwetu kwa barabara ambayo sote tunaijua. Mzee Valentin, mwenyekiti wa baraza letu. Wachungaji, wazee wa kanisa na wanakwaya wa ibada zote mbili. Ndugu zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma. Jirani yetu fundi seremala Kadiri, uliyeacha randa yako ukaja kuketi nasi. Na wewe Mchungaji Aloys, mume wangu, uliyevaa suti niliyoipiga pasi mwenyewe: nawasalimu nyote kwa jina la Bwana.

Mimi ni Verediane, ingawa hapa Gisenyi wengi wenu mnaniita Mama Pasta. Nimekulia Tanzania, huko Ngara, na najua Kiswahili changu kinawachekesha. Chekeni tu. Leo nina hofu, na kicheko chenu kitanisaidia kusimama.

Kwenye ratiba nimeandikiwa dakika kumi za neno la shukrani. Mnaujua utaratibu wa kanisa letu la Kimethodisti: katika Mkutano wa Mwaka majina ya wachungaji na vituo vyao vipya husomwa mbele ya wote, na mke wa mchungaji husikia anakohamia saa ile ile anayosikia muuza karanga aliyesimama mlangoni. Mwezi uliopita lilisomwa jina la Aloys, na baada yake likasomwa neno Mahoko. Makanisa manne ya huko, ya vilima vya Kanama, hayana mchungaji. Hakuna aliyepiga makofi. Sote tulikuwa tukiifikiria ile barabara na watu walioshambuliwa humo mwaka huu, na ni nani kati yetu asingeifikiria?

Baraza likanihurumia. Likaamua Aloys aende peke yake, mimi na binti yetu Akaliza tubaki hapa katika nyumba ya kanisa mpaka usalama urudi. Hiyo ndiyo shukrani niliyotumwa kuitoa. Nitaitoa, lakini kwanza nivumilieni niwakumbushe jambo ambalo nyinyi mnalijua upande wa kuchekesha, na upande wake wa pili sijawahi kuusema.

Aloys, ambaye akipanda mimbarini mnaanza kuangalia saa, akishika kalamu huishiwa maneno. Basi kila anapozunguka kuyahudumia makanisa hayo ya Kanama yasiyo na mchungaji, badala ya barua hunitumia karatasi yenye namba ya wimbo, kwa kumpa kondakta wa taksi ya Mahoko. Saa kumi mimi husimama stendi. Nikipata namba nafungua kitabu chetu cha nyimbo, nasoma ubeti wa kwanza, najua moyo wake ukoje, narudi nyumbani kubandika sufuria.

Mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, kondakta alinipa karatasi. Akaniambia, "Mama Pasta, mi nilipewa na mwenzangu kule Mahoko, sijui mingi." Ilikuwa namba themanini na nne, kwa penseli. Nikafungua kitabu cha Kinyarwanda, kile tunachokitumia nyumbani. Mnaujua themanini na nne wa kitabu kile. Ndio tunaouimba jeneza likishushwa.

Nilikaa chini pale pale jikoni. Nilijiambia kwamba Aloys amejeruhiwa, kwamba ameona hatapona, na kwamba hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mama Cansilde alikuja kuomba chumvi, akaniona, akaiona karatasi, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mbele ya nyumba kukajaa watu. Wanawake walileta viazi na maharage, mkaweka mabenchi ya kanisa, mkaketi nami mpaka asubuhi. Mzee Valentin, wewe ulikuwa umeshaanza kuandika wasifu wa marehemu. Nimeusoma. Mwanamume uliyemwandika humo ni mpole kuliko huyu niliyeolewa naye.

Asubuhi Aloys alishuka kwenye taksi na gunia la maharage mabichi, akapita mlango wa nyuma kama kawaida yake. Huko akamkuta fundi Kadiri amepanga mbao, anapima. Akamuuliza kwa sauti ya kichungaji, "Kadiri, ndugu yangu, mbona mbao? Tumepata msiba? Ni nani?" Kadiri akaweka chini kipimo chake, akamjibu, "Ni wewe, Pasta."

Ndiyo, hapo ndipo huwa mnacheka, na mna haki. Aloys alikuwa amemwachia bibi mmoja mgonjwa kitabu chake cha Kinyarwanda, akaazima kitabu cha Kiswahili kwa familia iliyorudi kutoka Masisi, huko Kongo. Kanisa letu linaimba kwa vitabu viwili, na kila Jumapili tunakumbushana kutaja kitabu kabla ya namba. Mchungaji mwenyewe akasahau. Katika kitabu cha Kiswahili, themanini na nne ni wimbo wa kushukuru kwa mavuno. Mume wangu alikuwa ananiambia kwamba maharage ya Kanama yamekubali.

Nyinyi mlicheka, mkala chakula cha msiba, mkaenda zenu. Mimi sikucheka. Usiku ule nilikuwa nimejua jambo moja: nikiwa hapa, hata nikilindwa na kuta za kanisa, kila saa kumi nitakufa kidogo. Ninaogopa Mahoko, jamani, sitawadanganya. Naogopa ile barabara, naogopa mbwa wakibweka, naogopa hata kimya. Lakini kukaa mbali naye nikisubiri karatasi kunanitisha zaidi.

Kwa hiyo, Mzee Valentin, nalishukuru baraza kwa nyumba kwa moyo wangu wote, na ufunguo wake huu hapa. Kesho naenda Mahoko na mume wangu.

Aloys, usinitazame hivyo. Ningekuambia nyumbani ungenikatalia, na mimi ningekutii. Hapa mbele ya Msimamizi hutaweza.

Kuna aliyejua. Akaliza, aliyeketi pale na dada yangu Jovia, ana miaka tisa, nilimwambia jana, na ametunza siri kuliko wazee wote wa baraza. Yeye atabaki hapa mjini kwa Jovia, asome. Uamuzi huo ndio ulionikosesha usingizi, na sijui kama ni sahihi. Mama gani anajua? Nimemwachia vitabu vyote viwili. Kuanzia kesho kutwa yeye ndiye atakayesimama stendi saa kumi, na baba yake, tangu siku ile ya mbao, ameshaapa kuandika jina la kitabu kabla ya namba.

Sasa ombi langu, na ndilo pekee nililolijia hapa. Hamkuniacha peke yangu siku ile ya karatasi. Msimwache yeye. Nawaomba mgawane siku kama mnavyogawana zamu za kufagia kanisa, awepo mmoja wenu pamoja naye stendi kila siku. Karatasi ikifika, someni naye ubeti. Siku isipofika, mshikeni mkono, mrudi naye nyumbani, na mketi naye mpaka alale.

Nawashukuru kwa kunitegea masikio na kwa kunivumilia. Nimeombwa kuchagua wimbo wa kuagana. Ni themanini na nne, kitabu cha Kiswahili. Mwenye cha Kinyarwanda peke yake, tafadhali akifunge, aangalie kwa jirani.