Sekela Hakusikia Akiitwa

Mgeni rasmi, viongozi wetu, wazazi na majirani,

Karibu Tukuyu. Umetukuta na ukungu na matope yetu, lakini umetukuta tupo.

KUANZA KWETU

Kikundi chetu kilianzia kwenye cherehani ya Najat Twalib, binti wa mshonaji wa hapa mjini. Najat alipooza miguu akiwa mdogo. Baba yake alimbeba mgongoni kwenda shule mpaka mgongo wa mzee ukachoka, ndipo akamfundisha kushona.

Siku moja Sekela, mkulima wa Kyimo ambaye ni kiziwi, alimrudishia Najat nguo za kichanga alizomshonea. Najat alikuwa amejifunza lugha ya alama kwa wateja wake. Akauliza kwa mikono: mtoto yuko wapi? Sekela akamweleza. Alikwenda kujifungua kwenye kituo cha afya, akakaa kwenye benchi na uchungu wake, akiwaona wenzake wakiingia mmoja mmoja. Alipokuja kuingizwa, mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Najat akafunga kazi, akapanda baiskeli yake ya magurudumu matatu hadi kituoni. Akamkuta Doreen, muuguzi aliyekuwa zamu siku ile.

"Tulimwita jina, hakuitika," Doreen alisema.

"Mlimwita kwa mdomo, dada. Kwake hamkumwita."

Doreen akauliza, taratibu, "Sasa ningefanyaje?"

"Ungemgusa bega."

Najat alikwenda pale na hasira. Alirudi amepata mwanafunzi.

TULIYOYAPATA

Doreen akawavuta wenzake, wakajifunza alama za uchungu, damu, sukuma, pumzika. Sekela aliposhika mimba tena, aliogopa kukanyaga pale. Najat akaenda naye. Safari hii aliguswa bega. Mwanawe, Asajile, ndiye huyo anayelia pale nyuma. Tunaomba asinyamazishwe.

YANAYOTULEMEA

Doreen na wenzake wale wamehamishwa. Waliokuja badala yao ni watu wema, ila alama hawazijui, na sisi tunaanza upya. Mvua ikinyesha baiskeli ya Najat inakwama, na wenzetu wa Kisiba hatuwafikii. Tena zipo nyumba ambazo mgeni akipiga hodi, mtoto mwenye ulemavu anapelekwa chumba cha ndani.

TUNAYOOMBA

Tunaomba kituo kipate mkalimani wa lugha ya alama wa kuajiriwa, ili uhai wa mtoto usining'inie kwenye wema wa muuguzi mmoja.

Ombi la pili ni la leo hii. Risala hii ilikuwa isomwe na Najat. Jukwaa ulilokalia lina ngazi tu. Vijana walitaka kumnyanyua, akakataa. "Sitaki kupandishwa kama gunia la viazi," alisema. "Someni nyie." Yuko hapa chini, kando ya spika. Mgeni rasmi, tunaomba ushuke, mzungumze uso kwa uso.

Mungu akupe afya, na barabara ikurudishe kwako salama. Ndaga fijo, asante sana.

Ni sisi,
Kikundi cha Watu Wenye Ulemavu Tushikane, Tukuyu