Mama Donald na Ubao wa Lango la Ndarani

Tarehe 31 Desemba 1986, Bi. Tryphena Wakio anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi katika Ranchi ya Ndarani. Jina hilo hapa kwetu linatumiwa na karatasi ya mshahara tu. Sisi wengine tunamwita Mama Donald. Alifika Januari 1964 kufagia ofisi, akitembea kutoka Marungu na viatu mkononi ili visichakae kabla meneja hajaviona.

Hakufagia sana. Meneja wa wakati ule aligundua kwamba mfagiaji ana mwandiko mzuri kuliko karani, akamkabidhi kipimamvua na daftari. Lakini mvua ya huku mnaijua. Miezi mitano mfululizo aliandika sifuri, na Mama Donald si mtu wa kuridhika na sifuri. Akaanza kujaza nafasi iliyobaki: tembo wangapi wamepita bwawani, mgunga upi umetoa maua, ndege gani amerudi na mwezi gani. Hakuna aliyemtuma. Madaftari kumi na tisa yako kabatini leo, na wataalamu wa wanyama waliokuja mwaka jana waliyainamia hadi chai yao ikapoa.

Miti kumi na mmoja ya mukau iliyo nyuma ya stoo ni yake pia. Wachoma makaa walikuwa wameimaliza mikubwa yote upande wa reli. Mbegu ya mukau haioti kwa kubembelezwa, na mzee Kituku, mchunga ng'ombe wetu kutoka Ukambani, alimwambia kwamba mbuzi hula tunda na kutema kokwa zizini. Basi Mama Donald, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, akawa anapiga magoti katika zizi la mbuzi kila jioni. Alikusanya kokwa mia tatu, zikaota hizo kumi na moja. Baadaye njia ya trekta ilipotaka kupita hapo, njia ndiyo iliyopinda.

Ukweli wake ulitutesa. Mwaka 1970 mimi, karani wa stoo, nilikwenda Mombasa kutazama mpira, nikarudi na habari ya kuumwa tumbo. Katika daftari la mahudhurio aliandika neno moja mbele ya jina langu: Hakuumwa. Nalisema hili, ingawa linaniaibisha, ili mpime uzito wa yanayofuata.

Mwaka 1966, baada ya mtoto wa shule kukutana na nyati njiani na kuponea juu ya mti, Mama Donald alitundika ubao mweusi langoni. Kila asubuhi aliandika kwa chaki wanyama wakubwa wako wapi, ili wanafunzi na wachungaji wapite kwingine. Kwa miaka tisa hakuumia mtu.

Julai 1975 gari lilisimama langoni, wanaume watatu wakaomba maji ya kunywa. Mama Donald aliwaletea jagi zima kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma yake ubao ulisema: Kifaru dume, bwawa la pili, jana jioni. Siku mbili baadaye Kituku alimkuta yule kifaru kando ya bwawa la pili, amekufa, pembe zimekatwa.

Alikwenda kwa meneja, Bwana Josephat, akaomba afukuzwe kazi. Alilia, na sisi hatukuwa tumewahi kumwona akilia. Bwana Josephat alimjibu, "Mama Donald, kumebaki jike na ndama wake. Ukienda wewe, nani mwingine anajua wanapolala?"

Kuufuta ubao nako kulikuwa na hatari yake. Kituku ndiye aliyeliona hilo. "Ukikaa mtupu, mama, watajua tunaficha kitu," alisema. Basi sisi wanne, yeye, meneja, Kituku na mimi, tulikubaliana kwamba ubao uendelee kuandikwa, lakini uongo. Ubao ukisema mtoni, wanyama wako kilimani. Ukweli wenyewe Mama Donald aliupeleka kwa miguu: kila siku, akishasoma kipimamvua, alizunguka maboma sita na shule, akiwaambia watu kwa mdomo wapite wapi. Wafanyakazi wageni walidhani ni mama mpenda umbea tu. Jumapili aliwafundisha watoto amri kumi, Jumatatu akashika chaki. Naamini hakuna mtu aliyewahi kusema uongo kwa uchungu kama ule.

Ila mpita njia asiyefika maboma hakuwa na wa kumwambia. Machi 1979 Miraj, muuza vitunguu kutoka Mboghoni, alisoma ubao, akaikwepa njia ya kilimani, akashika ya mtoni. Mtoni ndiko tembo walikokuwa. Baiskeli ilipondwa pamoja na vitunguu. Yeye alinusurika, lakini mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Mama Donald alimtembelea hospitalini Voi kila wiki kwa miezi miwili, akimpelekea kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda. Miraj alimsifu mbele ya wodi nzima kwamba hajaona mtu mwenye huruma kama yule. Jioni ile Mama Donald alituambia ofisini kwamba anaacha uongo wa ubao. Asubuhi yake jike na mwanawe walionekana mtoni, naye akaandika: kilimani.

Yule jike alikufa katika ukame wa 1984, kwa njaa, pembe zake zikiwa mahali pake. Kwa miaka ile ya majangili, hata kwa hilo tulimshukuru Mungu. Binti yake alibaki. Septemba mwaka huu watu wa serikali walikuja na lori na sanduku kubwa la mbao, wakamchukua kumpeleka penye ulinzi. Dereva alitaka kumwambia Mama Donald ni wapi. Mwenyewe alimzuia. Mwanamke aliyeandika kila kitu kwa miaka ishirini na mitatu hakutaka kulijua hilo moja. Ubao tuliung'oa siku hiyohiyo.

Wasifu huu ameukubali kwa sharti moja: habari ya ubao iandikwe, na Miraj aisikie kutoka kwake kabla ya kuisoma. Jumamosi iliyopita nilimsindikiza Mboghoni. Alikataa kiti, akasema yote akiwa amesimama. Miraj aliukanda ule mkono. Kisha akauliza, "Na yule kifaru aliyebaki, Mama Donald, yu hai?"

Alimwambia yu hai. Miraj akasema, "Basi keti, mama," akampisha kiti chake mwenyewe.

Mama Donald, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ndarani, asante. Tulikutania sana na tulikuogopa kidogo, na tutakukumbuka kila siku ya kazi. Nenda nyumbani Marungu ukapumzishe hiyo miguu, na Mungu akujalie afya, wajukuu na mvua ya kutosha shambani. Sasa tuinuke tukale. Vitunguu vya leo ameleta Miraj, gunia zima, na ameketi pale mbele, karibu nawe.

Hashil Salim, karani wa stoo