Evasio Gambarotta na Zamu ya Nives

Wasikilizaji wapendwa, epueni kahawa jikoni, mje mkae. Leo tunamkumbuka Evasio Gambarotta, mchoraji wa injini. Tumemzika juzi hapa Torino. Magari yenye injini yake mmeyapanda, jina lake hamkulijua, na hilo linaniudhi kweli.

Injini yake ilizaliwa ndogo. Ilikuwa na kamshafti mbili juu, vyuma vinavyofungua na kufunga vali, na badala ya mnyororo wa kuzizungusha, Evasio aliweka mkanda wa mpira wenye meno. Wenzake walimcheka. "Evasio, unatengeneza gari au cherehani?" Ikatembea, tena kimya. Basi wakubwa wakataka kubwa zaidi. Akaikuza. Wakataka kubwa zaidi tena. Silinda zikapanuliwa, nguvu ikaongezeka, mkanda ukabaki uleule.

Sasa, kiwandani kwao kulikuwa na desturi. Kila injini ikikuzwa, aliyeichora ndiye aliyeipandisha mlima wa Colle del Lys kwanza, mbele ya wenzake, na mtu wa nyumbani kwake kando yake. Maana yake ni kusema, "Injini hii naiamini." Kwenye injini ya kwanza alikaa mkewe, Ines. Ya pili, mwanawe Delio. Ya tatu ilikuwa zamu ya Nives, kitinda mimba, mtoto wa miaka tisa.

Nives ameniambia hivi: "Nilivaa viatu vipya. Nilishakaa. Baba akawasha, akasikiliza, uso ukambadilika. Akasema, 'Shuka.' Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema, 'Shuka, Nives, usinichoshe.' Na watu wote wanatazama."

Meneja alimvuta Evasio kando. "Mhandisi, ukimshusha mtoto, sisi tuuze nini?"

"Mkanda mpana nimeuomba mpaka midomo imekauka," alisema Evasio. "Huu mwembamba nitaupandisha mwenyewe."

Akaenda peke yake. Jioni alirudi mkono umefungwa bendeji, akasema amejibana karakanani. Baadaye kidogo alihamishiwa stoo ya vipuri, na injini ikapewa mtu mwingine. Wenzake waliambiwa wafumbe midomo, na walikuwa na watoto wa kulisha. Evasio naye hakusema, hata kwa mkewe. Alikuwa mtu wa kumeza maneno.

Nives alimnunia baba yake. Akakua, akaolewa, akahamia Genova. Kila Krismasi alipokuja, baba alimsubiri stesheni, mlango wa gari umefunguliwa. Nives akampita, akapanda basi. "Kama sikufaa siku ile, leo nafaa nini?" Mzee akafunga mlango, akalifuata basi nyuma mpaka nyumbani. Hivyo kila mwaka, wasikilizaji wapendwa. Kila mwaka.

Juzi, baada ya mazishi, mzee mmoja wa mkongojo alimwendea Nives. Ni Tersilio Ravotti, fundi aliyemfuata Evasio mlimani siku ile.

"Binti, wewe ndiye yule wa viatu?"

Akamweleza. Kwenye mteremko mkanda ulikatika. Vali zikagonga pistoni, injini ikafa, breki zikawa nzito kama jiwe. Chini kuna bonde. Evasio akalibamiza gari kwenye mwamba ili lisimame, akalibamiza upande wa abiria.

"Kile kiti kilisagika," alisema Tersilio. "Yeye tulimkuta mkono umevunjika, anarudia neno moja tu. 'Nimemshusha. Nimemshusha.'"

Baada ya hapo mkanda ulipanuliwa. Injini ile ikaishi miaka na miaka, ikashinda mashindano, watu wakapongezana. Evasio alikuwa stoo, anahesabu boliti.

Bi Ines, Delio, Nives, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu wako aliyewahi kukushusha mbele za watu, mwulize kwa nini. Mwulize angali na pumzi ya kukujibu.

Jana Delio alimkuta dada yake gereji, ndani ya gari la baba yao, kwenye kiti cha abiria, kando ya usukani. Mlango ameufunga.

"Unafanya nini humu?"

"Niache," alisema Nives. "Ni zamu yangu."