Siku ya Kumuaga Fundi Makochi

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwenye karakana na mwenye kiti kirefu kuliko vyote humu. Ndugu wateja wetu. Mafundi wenzangu wa mbao, vitambaa na rangi. Na wewe Fundi Makochi, mke wa kaka yangu, tunayekuaga leo: habari za mchana!

Nimechaguliwa kusema kwa sababu ya ulimi wangu. Shule niliishia darasa la tano, walimu waliona nawamalizia maneno. Lakini mimi ndiye niliyesimama mbele ya mbwa wa polisi, nikamsalimu kwa adabu, akalala. Polisi mwenyewe naye akakaa chini. Sasa mtu wa namna hiyo atashindwa na bosi?

Ndugu zangu, mnaijua kazi ya huyu mama? Kochi alilolivika yeye, ukilikalia unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, na misumari midogo ameibana midomoni, anaitema mmoja mmoja. Ndivyo alivyokuwa Jumanne ile, Mheshimiwa, ulipomporomoshea matusi mbele ya mteja, kisa ua moja la kitambaa limekaa upande. Yeye akagongelea msumari mwingine. Ukaondoka kifua mbele. Jioni akaniambia, "Shemeji, Ijumaa natoka. Miaka yote hii, leo natukanwa mbele ya mgeni? Basi."

Mafundi wakanituma ofisini, niseme kwa ustaarabu. Nikagonga mlango, jengo likatikisika.

"Bosi, yale maneno ya Jumanne uliyapata wapi?"

"Maneno gani?"

"Siwezi kuyarudia, nimeoga."

Ulicheka, Mheshimiwa, usikatae. Kisha ukasema, "Mbona mwenyewe hakulalamika? Angeumia si angejibu?"

"Bosi, alikuwa na misumari mdomoni! Angejibu kwa pua?"

Hapo ukanywea. Ukazungusha kalamu weee, ukasema utamwomba radhi faraghani. Nami nikakuuliza, kwa sauti ile ile iliyomlaza mbwa: tusi ulilitoa ukumbini, radhi unaipitisha jikoni?

Nani hapa asiyekupenda, Mheshimiwa? Tukiuguliwa, wewe ndiye wa kwanza kufika hospitali. Roho yako haina kasoro. Ni mdomo tu unaotaka kupigwa msasa, na msasa tunao stoo, wa kila aina.

Sasa, yule bwana mwenye tai kule nyuma ndiye mteja wa Jumanne. Nimemwalika mimi. Gari la kubebea vifaa vya shemeji liko getini, na dereva nimemwambia asiwashe injini mpaka Mheshimiwa amalize kusema. Shemeji, ukiridhika, linarudi tupu. Usiporidhika, nitapakia mwenyewe, cherehani na meza yake, kwa mkono mmoja.

Mimi nimemaliza, asanteni kwa kuniazima masikio yenu. Mheshimiwa, simama. Kipaza sauti hiki hapa. Sema usikike mpaka kwa dereva.