Waifai ya Rumah Ramba na Nguzo ya Marehemu Bibi Lunsa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Janting anak Umpang, Naibu Mkurugenzi wa Mawasiliano, mkuu wa nyumba yetu, Apai Bansa, wazee wetu, wageni mliokuja kwa mto na mliokuja kwa barabara, na ninyi watoto mliojificha chini ya sakafu pamoja na mbwa, tokeni huko msikilize.

KARIBU NYUMBANI

Mheshimiwa, sisi watu wa Rumah Ramba, milango ishirini na sita chini ya paa moja, kila mlango na familia yake, tumefurahi kukuona kuliko tunavyoweza kusema. Umeingia kwa ngazi ya upande wa juu wa mto kama mila inavyotaka, umesimama kila familia ilipokusimamisha, na hukukwepa kikombe hata kimoja cha pombe ya mchele. Wapo waliodhani mjini umeharibika. Tumeona wenyewe kwamba bado u mzima.

Risala hii inasomwa na Indai Sulai, mama wa watoto wanne na fundi wa kupika kuku ndani ya mwanzi. Ndani yake anasifiwa sana, na alipoiona kwa mara ya kwanza alitaka kufuta nusu nzima. Kamati iliyoiandika imemkataza kuruka sentensi. Akiruka, Apai Bansa ana nakala.

Mheshimiwa, hatutakuzungusha. Umezoea kuombwa minara, na leo hatuombi mnara. Tunaomba nguzo moja ya mbao, na tunaiomba kwa sababu Mayang wa mlango wa mwisho anataka kutuhama. Mengine yote tutakayosema ni ya kukueleza tulifikaje hapo.

TULIKOTOKA

Barabara ilipofika, intaneti ilifuata nyuma yake. Waya uliletwa mpaka mlango wa kwanza, kwa Apai Bansa, na hapo ukaishia. Kuanzia siku hiyo ruai yake, ile baraza ndefu mbele ya milango, ilijaa watu kama msibani. Mwenye mtoto mjini Bintulu alikuja kuongea naye pale, mwenye ugomvi na mume aliye melini aligombana naye pale, na sisi wote tukasikia. Mkewe Apai Bansa alivumilia sana. Mwishowe alisema, "Mimi sikatai wageni, ila naomba nijue ni lini nitachana nywele zangu peke yangu."

Tukachanga. Kila mlango ulitoa sawa na mwenzake, kama tunavyofanya kwa jambo lolote la nyumba. Vijana walitumwa mjini Sibu, wakarudi na ruta moja kubwa yenye pembe nane, ambayo muuzaji aliapa kwamba inafika popote. Ilifika mlango wa saba. Halafu tukanunua vile vidude vya kuchomeka ukutani, vya kuyarudia mawimbi. Kila kimoja kilikuwa na jina lake na nywila yake, na simu ya mtu anayetembea ilikuwa inang'ang'ania kidude alichokiacha nyuma, hata kama amesimama chini ya kingine. Kasi nayo ilipungua kila iliporudiwa. Ukifika mlango wa kumi, picha ya mjukuu wako inakuja kichwa leo na miguu kesho.

TULICHOCHAGUA, NA ALIYETUCHAGULIA

Hapo ndipo Indai Sulai alipoamua kwenda Sibu mwenyewe. Hakuwa mtaalamu wa kitu chochote cha umeme, na hakujidai. Alichokuwa nacho ni hasira, kwa sababu binti yake alikuwa amejifungua na yeye alikuwa amemwona mtoto vipande vipande.

Muuzaji alimwuliza, "Nyumba yako ina vyumba vingapi, aunty?"

"Milango ishirini na sita."

"Kumbe ni hoteli."

"Ni nyumba, kijana. Tena hiyo ni milango, vyumba sijakutajia."

Alikaa dukani mpaka wakamletea kiti. Aliuliza kila aina inafanyaje kazi, akaomba aelezwe tena kwa maneno ya kawaida. Aliporudi alitukusanya ruai, akatueleza kwa namna ambayo hata mzee wetu Aki Ngumbang, ambaye masikio yake yamestaafu, alielewa. Kuna mtindo wa vifaa vinavyoshikana, alisema. Kimoja kinapokea waya, vingine vinapokezana mawimbi kutoka kwa mwenzao, na vyote vina jina moja. Unatembea na simu yako, kifaa hiki kinakukabidhi kwa kile, na wewe hujui umekabidhiwa. Ni kama mgeni anavyopokelewa humu ndani: mlango huu ukimaliza naye, mlango wa pili umeshamshika mkono.

Kisha kulikuwa na wa bei rahisi na wa bei ya juu kidogo. Ule rahisi una njia mbili tu za mawimbi, na njia hizo hizo ndizo simu zetu hutumia na ndizo vifaa hutumia kuongea vyenyewe. Kwenye nyumba fupi unafaa kabisa. Kwetu, ambako habari inapita kifaa hadi kifaa hadi kifaa, njia ingesongamana. Ule mwingine una njia ya tatu, ya vifaa peke yao. Wanaume kadhaa walisema rahisi unatosha. Indai Sulai aliwatazama, akasema, "Mlisema hivyo hivyo kuhusu ile yenye pembe." Tukanunua wenye njia tatu, vifaa vitano.

Mheshimiwa, sasa tunafika kwenye kosa letu, na tunaomba usicheke kwa sauti.

Kwa kuwa kila mlango ulichanga sawa, kila mlango ulitaka kukaa na kifaa. Vifaa vitano, milango ishirini na sita. Tukafanya tunavyofanya tukiwa na kitu kichache na watu wengi: tukaweka zamu. Kila asubuhi vifaa vilibebwa kwenda kwa familia nyingine. Na kila familia ilikipokea chake kwa heshima zote, ikakiingiza ndani kabisa, ikakiweka mahali pazuri, kati ya friji na mtungi mkubwa wa babu. Indai Sulai alimpigia binti yake simu ya video, akawa anatembea nayo.

"Mama, umeganda."

"Nimeganda wapi?"

"Kwa nani sijui. Mdomo wazi."

Alisoma kile kijitabu cha maelekezo siku nzima, akaita mkutano. "Jamani," alisema, "chuma na maji vinameza mawimbi. Ninyi mmekiweka kati ya friji na mtungi. Na tena mnakihamisha kila siku, kitajuana lini na wenzake?"

Apai Bansa akajibu, "Lakini haki ni haki, Indai. Kila mmoja alichanga."

"Apai, ruai ni ya nani?"

"Ya wote."

"Nani ana zamu ya ruai?"

Aki Ngumbang akasema, "Huyu mama angekuwa wakili tungekula nyama kila siku." Tukakubali kuvitoa vifaa ndani na kuvitundika kwenye nguzo za ruai, hewani, mahali pamoja pasipohama. Kifaa kimekuwa cha wote kwa sababu hakiko kwa yeyote. Tunajivunia uamuzi huo kuliko tunavyojivunia vifaa vyenyewe, na tunamshukuru mama huyu, ambaye wakati huu anatamani ardhi ipasuke. Soma tu, Indai.

Kuanzia mlango wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, Mheshimiwa, mambo ni safi. Watoto wanafanya kazi za shule kwenye mikeka ya kwao, na mkewe Apai Bansa anachana nywele zake kwa amani.

KINACHOTUKWAMISHA

Unaijua nyumba hii. Inafuata mto, na mto ukipinda nayo inapinda. Mpindo uko mlango wa kumi na tatu, na hapo hapo upo ukuta wa saruji wa kuzuia moto, uliojengwa baada ya nyumba ya jirani zetu wa ng'ambo kuungua. Mawimbi hayapiti saruji. Yanapita kwenye uwazi wa ruai tu, na iko nguzo moja tu ambayo ukisimama kando yake unaona upande wa juu wa mto mpaka kwa Apai Bansa, na upande wa chini mpaka kwa Mayang. Ukisogea kidogo, unaona upande mmoja.

Nguzo hiyo ni ya marehemu mama yako, Bibi Lunsa.

Tumejaribu njia nyingine zote kabla ya kukusumbua. Tulifikiria kupitisha waya chini ya sakafu, lakini nao ungepita kwenye sehemu yako, na panya wangeula. Tulisimamisha kifaa nje juu ya mwanzi, mvua ikakinyeshea, na mpaka leo kinakaushwa kwenye mchele. Tulikutumia ujumbe. Katibu wako, kijana mwenye adabu sana, alijibu kwamba umesema tutundike tu, hakuna shida. Tulishukuru. Lakini wewe ni mtoto wa humu, unajua ruhusa ya nguzo haitolewi kwa simu. Mwenye nguzo huja, akaishika, watu wakaona. Tungekitundika bila hivyo, Apai Bansa angetutoza faini, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo milango ya upande wa chini wa mto imebaki gizani. Na mlango wa mwisho kabisa yupo Mayang.

Mayang ameajiriwa na kampuni ya mabasi ya Kuching. Kazi yake ni kujibu abiria kwa kompyuta, akiwa hapa hapa nyumbani, mtoto mgongoni. Ni kazi nzuri, na ameifanya kwa kutembea mpaka mlango wa kumi na mbili kila asubuhi na kuomba kipande cha mkeka wa watu. Kuna siku abiria anamlilia kuhusu mzigo uliopotea, na nyuma yake majogoo wa Aki Ngumbang wanapigana. Kampuni imemwonya. Akionywa tena, basi.

Mumewe, Lium, ameshakata nguzo za nyumba ya peke yao kule barabarani. Zimelazwa kwenye nyasi, tumezipita wote tukienda shamba, na hakuna aliyezitaja. Lium ni kijana mwema. Hata kuzikata alizikata mbali, tusisikie shoka.

Indai Sulai ndiye aliyekwenda kukaa na Mayang. Alimkuta anafunga vyombo.

"Sina ugomvi na mtu, Indai," Mayang alisema. "Nina kazi."

"Najua, endun, mwanangu. Ukihamia kule mtandao utakuwa nao mzuri. Sasa utampigia nani?"

"Nitakupigia wewe."

"Mimi niko hapa, binti yangu. Mimi si wa kupigiwa."

Wakalia wote wawili, halafu wakacheka kwa sababu mtoto naye alianza kulia bila kujua kwa nini. Mayang aliahidi kusubiri mpaka sikukuu hii ya mavuno, isizidi. Ndiyo maana tulikualika leo. Tunakiri kwamba mwaliko ule, wenye maua pembeni na maneno ya uzinduzi, ulikuwa na ujanja kidogo ndani yake.

Mheshimiwa, nyumba kama yetu ikibomolewa mlango wa mwisho, wa kabla yake ndio unakuwa wa mwisho. Upepo unampiga huyo, naye anaanza kuangalia barabara. Tumeona nyumba zilivyokwisha hivyo, mlango mmoja mmoja, bila mtu yeyote kukosana na mwenzake.

OMBI LETU

Tunajua kwa nini mlango wako umefungwa. Umewahi kusema kwamba huwezi kuingia mle ndani na mama yako hayumo. Hatukulaumu hata chembe. Sisi pia ilituchukua muda kupita pale bila kuitikia salamu ambayo haikutoka. Bibi Lunsa alikuwa anaita kila anayepita aje ale, hata aliyetoka kula kwake muda huo huo. Tulipomaliza matanga ulifunga, ukaondoka na ufunguo, na tukakuacha, tukisema atarudi akiwa tayari. Tungekuacha hata sasa, kama isingekuwa Mayang.

Umesoma, umepanda cheo, na umeifikisha intaneti kwenye vijiji ambavyo hata majina yake hatujui. Tunakuona kwenye taarifa ya habari na tunawaambia wageni, huyo ni wa mlango wa kumi na tatu. Ni fahari yetu, na hatusemi hivi kukulainisha.

Kifaa cha tatu anacho Mayang. Amesimama pale nyuma ya upatu wa ngoma, mwenye kitambaa chekundu. Hatukuombi uzindue kitu kwa mkasi, na utepe hatukununua. Tunaomba uende ukaishike nguzo ya mama yako mbele ya watu, basi. Lium atapanda kutundika.

Jambo jingine ni dogo. Utaona tumetandika mikeka ruai nzima kwa ajili ya chakula, ila mbele ya mlango wako tumeacha sakafu tupu. Hatukusahau. Mikeka ya pale si yetu ya kutandika. Imo ndani, aliisuka mwenyewe, na mwenye ufunguo ni wewe. Wali umeiva na kuku wameshatolewa kwenye mianzi, lakini hakuna anayeanza kula kabla ruai haijajaa.

Tunakuombea afya, mwili usiojua homa, moyo uliotulia, na ghala lisilopungua. Waliotutangulia wakutazame kwa upole, na mama yako akiwa wa mbele yao.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, watu wa Rumah Ramba, milango ishirini na sita, tukiuhesabu na wako.