Zamu ya Kukosea

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kando ya ukuta wa kinyozi, mahali ambapo kivuli hufika mapema na simu hushika mtandao vizuri. Mwenye birika la kahawa alikuwa mjomba wake Mwalimu, ndugu wa mama yake toka nitoke, na hakuwahi kumfukuza mtu mradi tu ameshika kikombe. Kinyozi aliitwa Waziri, kwa kuwa hapakuwa na wizara asiyokuwa na maoni nayo. Fundi simu, aliyeweka kimeza chake cha kioo pembeni, aliitwa Injinia, na hakuna aliyewahi kumuuliza cheti. Alasiri ile Mwalimu mwenyewe, binti aliyemaliza chuo kikuu na kurudi majuzi kutoka nchi ya mbali alikojitolea kufundisha shule ya kituo cha watoto yatima, alikaa mwishoni mwa ubao akishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai. Mlezi mkuu wa kituo angepiga kabla ya jioni. Alitaka jibu moja tu: binti anarudi kwa mwaka mwingine, au nafasi apewe mtu mwingine. Nyumbani mama yake alikuwa ameshamtafutia kazi ya mshahara katika shule ya mtaa wa pili, aanze Jumatatu, na alishaanza kuwatangazia majirani kwamba upweke wake umekwisha. Ndiyo maana Mwalimu hakutaka kuipokelea simu hiyo nyumbani. Kosa lake lilikuwa kumweleza mjomba sababu, maana mjomba hakujaliwa sauti ya chini.

— Ngoja nielewe, alisema Waziri, akikung'uta kitambaa chake cha kunyolea. Huko wanakulipa nini?

— Hawalipi. Nilijitolea.

— Hawalipi kabisa?

— Wanatoa chumba na chakula.

— Mpwa wangu hana tamaa, alisema mjomba kwa majivuno, kisha akakumbuka yuko upande gani. Lakini Jumatatu ana kazi.

— Hapo kuna kitu, Waziri alisema. Taifa zima halikosi mwalimu wa kufundisha hesabu mpaka liagize mtoto wa watu. Wale wana mpango. Wanakusanya walimu wa dunia nzima bure, na baada ya miaka michache wao watakuwa na madaktari, sisi tutabaki na vinyozi.

— Vinyozi si tunao tayari? alisema Injinia bila kuinua kichwa.

Mjomba alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Waziri alisubiri kicheko kiishe, kama msemaji wa bunge.

— Cheka tu. Siku ukiumwa jino utakuja kwangu.

— Mwalimu, alisema Injinia, akielekeza bisibisi yake. Darasani kulikuwa na feni?

— Ilikuwepo. Haikuwa inazunguka.

— Haya! Feni isiyozunguka ni ya nini? Ile ni kamera. Wanarekodi jinsi unavyofundisha, sauti, mikono, mpaka ukali wako, halafu wanatengeneza mashine. Mwakani utamkuta mwalimu wa bati amevaa sura yako.

— Niliifungua mwenyewe kuisafisha, alisema Mwalimu. Ndani kulikuwa na vumbi na kiota cha ndege. Kamera haikuwepo.

— Kiota, alisema Injinia polepole. Umemuona huyo ndege mwenyewe?

Mwalimu alikiri kwamba hakumuona. Injinia akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye kazi yake, ameridhika.

Wakati huo alifika mama mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo. Injinia aliipokea, akaipuliza, akamwambia akae kidogo. Mama akapewa kikombe, akakaa katikati ya Waziri na Mwalimu, akashukuru.

— Waeleze kile kinachokunyima usingizi, mjomba alimhimiza mpwawe. Kile cha picha ya ng'ombe.

Mwalimu hakupenda, lakini alijua mjomba angekieleza mwenyewe na kukikosea. Akaanza tangu siku ya kwanza. Darasani alikuta picha moja kubwa ukutani, ya wanyama wa nyumbani. Ng'ombe alikuwa na tobo tumboni. Mwalimu alidhani ni kazi ya panya. Akachukua fimbo akaanza somo: huyu nani, huyu nani. Watoto walijibu vizuri mno. Walisitasita mahali pa kusitasita, wakapatia mahali pa kupatia. Alipofika kwa mbuzi, mvulana mmoja wa nyuma alisema ni mbwa. Darasa zima likacheka, Mwalimu naye akacheka, akamsahihisha kwa upole, na yule mvulana akashika kichwa kwa aibu. Usiku ule Mwalimu alimwandikia mama yake kwamba amepata kipaji chake.

— Hiyo nakumbuka, alisema mjomba. Dada yangu aliwasomea watu mpaka wa sokoni.

— Baada ya wiki kadhaa nikarudia somo lile, kwa marudio, Mwalimu aliendelea. Yule mvulana alikuwa amepelekwa zahanati. Nilipofika kwa mbuzi, mwingine akasema ni mbwa. Mwenzake akamfinya. Akamnong'oneza, lakini nilisikia: leo si zamu yako.

Waziri alikiweka kitambaa chake begani.

— Zamu, alisema Waziri.

— Walikuwa na zamu. Kila mwalimu wa kujitolea anayefika anaanza na picha ile, kwa sababu ndiyo pekee iliyopo ukutani. Walishasoma wanyama wale kwa walimu wengi kabla yangu. Lile tobo la ng'ombe si panya. Ni fimbo zetu.

— Sasa hapo nimekuelewa, Waziri alisema, amechangamka. Hiyo ni serikali kamili. Wana wizara ya makosa, wana naibu waziri wa makosa, na yule aliyefinywa alitaka kupindua nchi.

— Acha wewe, alisema Injinia. Wale si watoto. Fikiria kisayansi. Mtoto gani ana nidhamu ya namna hiyo? Wale ni watu wazima wafupi. Wanazungushwa kituo hadi kituo, walimu wakija wanaigiza, walimu wakiondoka wanavua kaptura wanakwenda zao kwa wake zao.

— Mmoja alikuwa anang'oka meno, alisema Mwalimu.

— Na mimi nang'oka.

— Ya utoto, Injinia.

— Umemchunguza mdomo?

— Mpwa wangu, aliingilia mjomba, ambaye alikuwa bado hajatoa nadharia na aliona anaachwa nyuma. Mimi naona ni wale walimu wa kwanza. Walikubaliana wote, kila atakayekuja aanze na ng'ombe, ili asije akatokea wa kuwazidi. Wivu tu. Watoto wamesingiziwa.

— Walikubaliana wapi? aliuliza Mwalimu. Hawajuani.

— Kwenye ndege.

Mwalimu aliitazama simu. Ilikuwa kimya. Aliwaeleza yaliyofuata kwa sababu kuyaeleza kulikuwa rahisi kuliko kusubiri: kwamba jioni ileile aliishusha picha akaiweka nyuma ya kabati, na kesho yake akaanza kuwafundisha kujumlisha nusu na theluthi. Wakakwama wote. Mmoja alilia, mwingine alichana karatasi, na yule aliyefinywa alitoa jibu ambalo hata yeye Mwalimu hakujua lilivyopatikana. Kila mtu alikosea kosa lake. Alisema hajawahi kufurahi darasani kama siku ile. Halafu muda wake ukaisha, kabla theluthi haijaingia vizuri kichwani mwa mtu yeyote.

— Basi umeshawafungulia njia, alisema mjomba. Mwingine atamalizia.

— Mwingine ataanza na ng'ombe.

— Na wewe Jumatatu utaanza na wa kwetu. Wa kwetu si watoto? Na mama yako si mtu?

Hilo lilikuwa swali la haki, na Mwalimu alikuwa amejiuliza kila asubuhi tangu arudi. Alipanga sababu za kubaki, zikatosha. Alipanga sababu za kwenda, nazo zikatosha.

Yule mama mwenye simu iliyopasuka kioo aliweka kikombe chini.

— Samahani, binti. Mimi nimekaa tu nasikiliza. Kwa nini hawakumwambia mwalimu kwamba wameshasoma?

— Kisiasa, alianza Waziri, akainua kidole. Kidole kilibaki hewani, kisha akakitumia kujikuna shingo.

Injinia aliacha kufungua skrubu. Mjomba alimtazama Waziri, Waziri akamtazama mjomba. Wote watatu wakamgeukia Mwalimu kwa pamoja, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo.

Mwalimu alifungua mdomo kueleza kwamba ni heshima tu. Lakini heshima ingetosha kwa kunyamaza. Haikuhitaji kupangiana zamu. Akafikiri ni woga, akakumbuka walivyokuwa wakicheka. Akafikiri ni mchezo, akakumbuka yule aliyefinywa alivyobadilika uso. Siku aliyogundua, alishusha picha akiwa ameona aibu, na hakusema nao neno juu ya jambo hilo. Nao hawakusema. Alijua nani anatumia mkono wa kushoto, nani hali vitunguu, nani analala na viatu. Hili hakuliuliza.

— Sijui, alisema.

Simu ikalia papo hapo, akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Sauti ya mlezi mkuu ilisikika mpaka kwa Waziri, kwani naye, kama mjomba, aliamini umbali unahitaji kelele.

— Binti yangu! Hujambo? Mama hajambo? Haya, nisikupotezee muda. Kuna kijana ameomba nafasi, anaonekana mzuri. Ameuliza kama tuna picha za kufundishia, nikamwambia ipo moja nyuma ya kabati, tutaitoa. Sasa wewe unasemaje?

— Mama mlezi, kwanza nikuulize. Kwa nini watoto hawakuniambia kwamba wale wanyama walishawasoma?

Upande wa pili zilisikika sufuria, na mtoto akiimba mstari mmoja tu wa wimbo.

— Mimi nilidhani wanawapenda tu ninyi walimu, alisema mlezi. Mwanangu, hilo sijawahi kuliwaza. Lakini wako hapa uani. Nikuitie mmoja nimuulize?

Waziri aliinama mbele. Injinia alishika bisibisi kama kipaza sauti. Hata yule mama wa kioo aligeuza sikio.

— Hapana, alisema Mwalimu haraka. Usiwaulize. Watakupa jibu zuri. Nitawauliza mwenyewe.

— Kwa hiyo unarudi.

— Narudi.

Alikata simu, akaiweka mapajani.

— Ushauri wangu umesikilizwa, Waziri aliwatangazia wapita njia.

— Ushauri gani wewe? Injinia alimdaka. Ulisema asiende.

— Nilimwambia kuna mpango kule. Ndio anakwenda kuuchunguza.

— Mwambie aangalie na ile feni, alisema Injinia.

Mjomba peke yake hakucheka. Alikuwa ameanza kukusanya vikombe, hata ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

— Na dada yangu, alisema, nani atamwambia?

Waziri alikumbuka ana mteja, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu. Injinia aliingiza uso ndani ya simu ya yule mama. Yule mama alisema samahani, yeye ni mpita njia tu.

— Twende wote, mjomba, alisema Mwalimu. Mimi nitaanza. Wewe ukae tu pale nikuone.

— Mwanangu, ningekuja. Siwezi kuliacha birika na watu wanakunywa.

Mwalimu alilinyanyua birika kwa kidole kimoja. Akaligeuza juu ya kikombe. Likatoa tone moja, nalo halikuwa na haraka. Mjomba alilitazama tone hilo mpaka likaanguka, akavuta pumzi, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya ubao.