Duara Lisilo na Mwimbaji

Mwadila, mayu. Mwadila, ndugu zangu nyote. Nimeambiwa kabla sanduku la akiba yetu halijafunguliwa leo mdomo ni wangu, basi naomba msogee. Sauti yangu mnaijua, haifiki mbali. Mkisikia mtu anakwaruza kama mlango mkavu, ndiyo mimi, msimlaumu fundi wa spika.

Nimekuja kuwaeleza nilivyougua na nilivyopona. Wengi mnadhani nitazungumzia shingo, kwa sababu kovu mnaliona. Kovu ni hadithi fupi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wivu, tena wivu mkali, wa kukunyima hamu ya ugali. Na kupona kwangu si kwa asilimia mia, mtaona wenyewe.

Nyie wa rika langu mnajua nilikuwa nani. Nilikuwa namwitikia mjomba wangu. Simtaji jina, na akitajwa manju hapa Bariadi kila mtu anajua ni yeye. Yeye alitunga, yeye alianzisha, mimi nilimwitikia. Nyimbo zake zilikuwa nusu kwa nusu: yeye anatupa mstari, mimi naudaka na kuurudisha. Tangu nikiwa msichana wa kupalilia pamba mpaka nina wajukuu, nilisimama kulia kwake, hatua moja nyuma. Watu walimpiga picha yeye. Mimi kwenye picha nyingi ni bega tu.

Sikulalamika. Nilijua siku moja atachoka na kusema, sasa chukua wewe. Na kweli alisema. Alikuwa anaumwa kifua, kikohozi hakimwachi, hata kabla ya kuanza wimbo lazima akohoe kwanza mara mbili ndipo sauti ifunguke. Akaniambia mbele ya kundi zima kwamba akiondoka, nyimbo ni zangu. Akaondoka. Tukazika, tukalia, tukakubaliana tupumzike msimu mmoja kwa heshima yake.

Msimu huo mmoja ndio ulioniponza. Lile rovu langu la shingoni, ambalo nilikuwa nalo miaka na miaka nalifunika kwa khanga, likaanza kunibana pumzi. Nikaenda hospitali. Daktari alinieleza vizuri kabla hajanigusa, kwamba mshipa wa sauti uko jirani na mahali anapokata, na unaweza kuumia hata mtu awe makini vipi. Nikasema kata, nataka kupumua. Nikaamka napumua. Nikataka kumshukuru nesi, ikatoka hii hii mnayoisikia.

Basi nikakaa nyumbani kusubiri sauti irudi, na wakati nasubiri, waigaji wakaota kama magugu shambani baada ya mvua. Ndugu zangu, nawaambia, kila nilipofungua simu nilimkuta mjomba. Mmoja huko Sola amepata kofia ya manyoya kama yake. Mmoja wa Mkula amevaa miwani myeusi kama yake, na hajui kwamba mjomba alivaa miwani kwa sababu jua lilimuumiza macho. Na yule wa Sola, huyo ndiye aliyenimaliza. Kabla ya kuanza wimbo anakohoa mara mbili.

Anakohoa! Watu wanashangilia kikohozi. Mimi nimekichemshia dawa kile kikohozi, nimekishikia beseni. Yeye amekigeuza pambo.

Niliwaonea wivu wote. Sitaki kusema nilikuwa natetea heshima ya marehemu, ingawa kwa wageni ndivyo nilivyosema. Niliwaonea wivu kwa sababu walikuwa wanaimba na mimi siwezi. Walikuwa na koo. Niliona mtoto wa jirani anaita ng'ombe, sauti inapasua bonde, nikamwonea wivu hata yeye. Na nitawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema: nilimwonea wivu hata mjomba kaburini, kwamba kuna watu wamejaza wilaya tatu wakijifanya yeye, wala hakuna hata mmoja anayejifanya mimi.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja, afisa utamaduni. Alikuwa anaandaa siku ya kumkumbuka manju baada ya mavuno, na aliwaalika waigaji wote. Alikuja kwangu kuuliza nitafanya nini. Nikamwambia kwa sauti hii nitafanya nini, nikauze karanga? Hakucheka. Akanieleza kwamba siku hizi kuna sanaa ambayo haihitaji kuimba wala kuchora. Unachukua vitu vya kawaida, unavipanga kwa wazo, na wazo ndilo kazi. Mtu akiangalia anafikiri. Nikaona huyu mama amekaa sana mjini. Lakini alipoondoka lile neno likabaki, na wivu wangu ukalidaka kabla yangu.

Nyie vijana mliozoea jukwaa na mshereheshaji niwakumbushe kitu. Ngoma zetu za mashindano hazipigwi kwa zamu. Makundi yanapiga wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanahama. Ukivutiwa na huku unakuja huku, ukichoshwa unavuka kwenda kule. Hakuna jaji. Mwisho wa siku mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyebaki peke yake anafunga ngoma zake anarudi nyumbani.

Nikasema, mimi nitaingia kwenye mashindano na duara tupu. Nitamwaga pamba chini, duara kubwa. Katikati nitaweka kigoda cha mjomba, juu yake kofia yake mwenyewe, ile ya kweli. Mbele ya kigoda kipaza sauti, kimewashwa, na spika inaunguruma ule mngurumo wake wa kungoja mtu. Mtu hayupo. Ndiyo kazi. Watu waone kwamba nafasi yake ni tupu na hao wengine wote wanajisumbua. Afisa alipenda mpaka akanishika mkono. Yeye aliona ni wazo kuhusu kumbukumbu. Mimi nilikuwa nataka wale waigaji washindwe na kigoda.

Lakini ndugu zangu, mimi ni Msukuma. Ningewezaje kupeleka ngoma uwanjani bila dawa? Hata ngoma isiyo na mpigaji. Nikaenda kwa mganga, nikamwomba dawa ya mvuto, ile ya kuvuta watu. Akaniuliza kundi lina wachezaji wangapi. Nikamjibu hakuna hata mmoja. Akanipa hivyo hivyo. Masharti yake: fukia katikati, na wewe uliyefukia usitoke nje ya duara mpaka mashindano yaishe. Ukitoka, imekufa. Nyie wa kanisani naona mnatikisa vichwa. Tikiseni, mimi mwenyewe ni wa kanisani. Mchungaji tulishazungumza.

Siku ikafika. Nikafukia mapema, nikakaa chini pembeni ya kigoda, ndani ya pamba, kimya. Na mwanzoni, jamani, watu walikuja. Walikuja wanacheka, wakiuliza huyu naye anauza nini. Halafu wakaona kofia. Bibi mmoja akapiga magoti pale kwenye pamba akaanza kulia. Nikaangalia kule kwa yule wa Sola, watu wake wa kuhesabu kwa vidole. Furaha niliyoipata siku hiyo haikuwa ya Kikristo.

Haikudumu. Mtu anaweza kuangalia kigoda kwa muda gani? Yule wa Sola akakohoa mara mbili, uwanja ukapiga kelele, na kundi kubwa likanikimbia. Yule wa miwani akachukua waliobaki. Hata yule bibi alijifuta machozi akaenda. Nikabaki mimi, kofia na mngurumo wa spika. Nikaanza kuwatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja, na kumtukana mganga, na afisa naye hakubaki nyuma.

Ndipo nikasikia kitu kutoka upande wa chini wa uwanja, walikokuwa watu wa Mwandoya. Sikuwa nimewatilia maanani. Walikuwa na mwanamke mmoja mbele, hana kofia, hana miwani, kitenge cha kawaida tu. Ngoma zao zilipiga, zikafika mahali manju anapoanzisha, na yule mwanamke hakuimba. Aliacha kimya. Ngoma zinakwenda, mstari mzima unapita mtupu. Kisha, mahali pa kuitikia, akaitikia.

Alikuwa anaimba sehemu yangu.

Si sehemu ya mjomba. Yangu. Anaacha nafasi ya manju, halafu anaudaka mstari ambao haukutupwa, anaurudisha. Na sauti ilikuwa ile niliyoiacha kwenye meza ya daktari. Ile ile, inavyopanda, inavyokwaruza kidogo ikifika juu. Hata mahali ninapochelewa kuvuta pumzi alichelewa. Mara ya pili ilipokuja ile nafasi tupu, watu wakaanza kuijaza wenyewe. Uwanja mzima ukawa mjomba, na mwanamke yule akawa mimi.

Sikuamua kusimama. Nilijikuta nimesimama, nimekanyaga pamba, nimetoka. Dawa yangu imekufa na wala sikuikumbuka. Nilihama kama walivyokuwa wanahama wengine, nikisukuma watu, mpaka mbele kabisa.

Aliponiona aliacha kuimba. Wenzake wakaendelea kupiga. Akanijia, akapiga goti, akanisalimia kama mtoto anavyomsalimia mama yake. Halafu akaniambia, "Mayu, nimekusikiliza tangu nasoma shule ya msingi. Kwenye kanda nilikuwa namruka marehemu ili nifike kwako."

Mimi machozi yananitoka na bado nilikuwa na hasira. Nikamwambia, "Pale kwenye mstari wa tatu unachelewa pumzi."

Akasema, "Wewe unachelewa. Nimejaribu kuirekebisha, haipendezi."

"Sichelewi," nikamwambia. "Mjomba alikuwa anawahi."

Msidhani hapo ndipo nilipona. Nilirudi nyumbani nikalala na shuka kichwani siku nzima. Maana sasa nilikuwa na mtu wa kumwonea wivu sawasawa. Wale wa kofia walikuwa wamechukua vya mjomba. Huyu alikuwa na changu, tena kizima, na mimi ndiye nimebaki na mabaki. Wifi yangu, aliyekuwa ananiletea uji tangu nitoke hospitali, siku hiyo aliniletea uji na maneno. Alisema, "Ulikuwa unalia hakuna anayekuiga. Amepatikana, unalia. Sasa tukuletee nini?" Akaweka kikombe, akaondoka bila kusubiri jibu. Nilikunywa ule uji nikiwa nimenuna, lakini nilikunywa.

Yule mwanamke wa Mwandoya alikuja kwangu baada ya wiki chache. Nilimwacha akae uani na jogoo kwanza, nisije nikaonekana nina haraka. Alitaka nimfundishe nyimbo ambazo hazikurekodiwa, zile ambazo mjomba alizitunga mwishoni na tuliziimba wawili tu, yeye kitandani, mimi na beseni. Nilikuwa nimeapa nitakufa nazo. Nikamwambia siwezi, sina sauti. Akajibu kwamba sauti anayo yeye, mimi nina nyimbo. Alisema hivyo bila kejeli yoyote, kama mtu anayepanga nani atabeba ndoo na nani atabeba kuni.

Basi nikamwingiza ndani, nikaanza kumpa mistari. Na hapa kuna jambo ambalo sikulitarajia. Ili yeye aweze kuitikia, lazima mtu aanzishe. Ndani mle hamkuwa na mtu mwingine. Nikaanzisha mimi, kwa hii sauti ya mlango mkavu. Tulipomaliza wimbo wa kwanza, wifi alikuwa amesimama mlangoni ameshika mwiko. Akasema alifikiri marehemu amekuja. Mjomba mwaka wake wa mwisho alikwaruza hivi hivi. Miaka yote nilisimama hatua moja nyuma yake, na kumbe ilibidi nipoteze sauti ndipo nipige hiyo hatua moja.

Yule mama afisa alinipiga picha siku ile natoka kwenye duara, pamba imenata kwenye kitenge. Anasema hapo ndipo kazi ilipokamilika. Sijui, yeye ndiye msomi wa hayo mambo. Dawa niliifukua nikaitupa chooni. Kigoda na kofia vipo kwangu, na yule wa Sola siku akija kwa adabu nitamwambia habari za kikohozi kile. Akija bila adabu, aendelee kukohoa.

Wabeja sana, daktari. Wabeja, wifi yangu, kwa uji na kwa ulimi wako. Wabeja nyie mlionipalilia shamba nilipokuwa na bandeji shingoni, na mkanivumilia nilipokuwa siwasalimii. Na kama hapa ndani yuko mtu ambaye kila akimwona mwenzake roho inamuuma, simwambii aache. Mimi nilishindwa kuacha. Namwambia asogee karibu na huyo mwenzake, asikilize vizuri kile anachokiimba. Huenda akasikia cha kwake.

Binti yangu wa Mwandoya yumo humu ndani, amekaa karibu na dirisha, na simtaji jina kama nilivyoahidi. Wivu bado ninao, mwanangu. Ukifika kule juu, kwenye ile noti, unaniuma mpaka leo. Simama hapo hapo ulipo. Mimi naanzisha, wewe itikia. Na usinizidi sana mbele za watu.